Tiba ya Mionzi kwa Saratani za Ngozi za Wanaoishi na VVU: Somo la Mgonjwa wa Pemba Anayevuka Bahari

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze:

1. kuzitambua saratani za ngozi zinazowapata zaidi watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU), na kuzitofautisha na maradhi mengine yanayofanana nazo;
2. kueleza kwa lugha nyepesi namna mionzi inavyotibu, na wakati gani inafaa kuombwa;
3. kumwandaa mgonjwa wa Pemba kwa safari ya matibabu, na kumpokea anaporudi.

Somo limeandikwa kwa ajili ya matabibu na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za kisiwani, lakini hakuna ndani yake jambo ambalo mgonjwa au jamaa yake hawezi kulisoma akalifahamu.

Mgonjwa wa mfano

Tuanze na mgonjwa wa kufundishia. Si mtu halisi, lakini kila aliyefanya kazi katika kliniki za pwani atamtambua. Ni mvuvi mwenye umri wa miaka 43 kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Micheweni. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba miezi minane iliyopita. Wazee wa mtaani walisema ni matende, akapakwa mafuta ya makonyo na kufungwa kitambaa. Baadaye yakatokea madoa meusi yenye wekundu wa zambarau kwenye unyayo na kifundo, yasiyowasha wala kuuma. Aliposhikwa na homa za mara kwa mara alipimwa, akakutwa na VVU, na akaanzishiwa dawa za kufubaza virusi (ARV). Leo ni mwezi wa tano tangu aanze dawa. Homa zimekwisha na uzito umerudi, lakini doa moja la unyayoni limekuwa kidonda. Kila akivaa kandambili linatoka damu, na hawezi tena kusimama ndani ya dau.

Anauliza maswali mawili. La kwanza: je, mguu huu utapona? La pili, analouliza kwa sauti ya chini: nikienda Dar es Salaam, nitakaa huko siku ngapi? Tutakavyoona, swali la pili lina uzito wa kitabibu sawa na la kwanza.

Saratani zenyewe

Miongoni mwa watu wanaoishi na VVU katika Afrika Mashariki, saratani ya ngozi iliyo mashuhuri zaidi ni ile inayoitwa kwa jina la Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1872. Haikuja na UKIMWI. Kabla ya janga hilo ilikuwa ikijulikana Uganda, mashariki ya Kongo na maeneo ya jirani kama maradhi ya polepole ya miguu, yakiwapata zaidi wanaume wazima. Kilichobadilika katika miaka ya 1980 ni kasi yake. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani waliripoti kundi la vijana wenye saratani hii katika sura kali isiyo ya kawaida, na taarifa hiyo ikawa miongoni mwa dalili za mwanzo za maradhi mapya. Tanzania Bara iliwatambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mkoani Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986.

Chanzo cha saratani ya Kaposi kilibainika mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua kirusi kinachojulikana leo kama kirusi cha nane cha jamii ya hepesi kwa binadamu. Kirusi hiki huenea zaidi kwa mate, na katika nchi zetu watu wengi hukipata wakiwa watoto. Kwa mtu mwenye kinga imara hukaa kimya maisha yote. Kinga ikidhoofishwa na VVU, ndipo hupata nafasi ya kuzichochea seli za kuta za mishipa midogo ya damu na ya limfu zikue bila mpangilio. Ndiyo maana madoa ya Kaposi yana rangi ya damu iliyoganda, na ndiyo maana viungo huvimba: njia za maji ya mwili zimezibwa.

Ziko saratani nyingine mbili za kukumbukwa. Ya kwanza ni saratani ya seli bapa, inayoota kwenye ngozi iliyoungua na jua kwa miaka mingi, kwenye makovu na vidonda sugu, na sehemu za siri. Ya pili ni ndugu yake anayeota kwenye utando mweupe wa jicho. Tafiti za ukanda wetu zimeihusisha na mambo mawili kwa pamoja: VVU na mwanga mkali wa jua. Wavuvi na wakulima wa mwani, ambao jua huwapiga kutoka juu na kutoka kwenye maji, wanastahili kuangaliwa macho kila wanapokuja kliniki. Kadhalika, ndugu zetu wenye ualbino wamo hatarini mno kwa saratani ya ngozi, wawe na VVU au wasiwe nayo.

Kwa nini kisiwani hutambuliwa kwa kuchelewa

Maambukizi ya VVU Zanzibar yako chini ya asilimia 1 ya watu wazima, kiwango kidogo kikilinganishwa na mikoa mingi ya Bara. Hiyo ni neema, lakini ina upande wake wa pili. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kufanya kazi miaka kadhaa asimwone mgonjwa hata mmoja wa Kaposi, na jicho huona upesi kile ambalo limezoea kukiona.

Pemba imezoea mguu uliovimba. Minyoo ya matende na mabusha imeishi na watu wa kisiwa hiki kwa vizazi vingi, hata Zanzibar ikaanzisha ugawaji wa dawa kwa watu wote mwaka 2001. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba, wazo la kwanza la jamaa, na mara nyingine la mhudumu, ni matende. Tofauti ipo na huonekana kwa macho: mguu wa Kaposi huwa mgumu kama ubao, mara nyingi huwa na madoa au vinundu vyeusi au vya zambarau, na uvimbe hukua kwa miezi badala ya miaka. Angalia pia sehemu tatu zinazosahaulika: kaakaa la mdomo, ncha ya pua, na nyayo. Doa la zambarau kwenye kaakaa la mtu mwenye VVU ni onyo kubwa, maana mara nyingine huashiria kuwa maradhi yako pia tumboni au kwenye mapafu.

Maradhi mengine yanayochanganywa na Kaposi ni fangasi wa ngozi, kovu lililonenepa, ukoma, na vinundu vyekundu vinavyoletwa na bakteria kwa watu wenye kinga dhaifu. Jicho la mtaalamu nalo hukosea: utafiti uliofanywa Kenya na Uganda ulionyesha kuwa takriban robo ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na Kaposi kwa kutazamwa tu hawakuwa nayo baada ya kupimwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: kipimo cha kinyama kwanza. Kipande kidogo cha ngozi hukatwa kwa ganzi, huhifadhiwa kwenye dawa na kupelekwa maabara ya patholojia. Kumvusha mgonjwa bahari mbili bila majibu ya kinyama ni kumhatarisha arudishwe, au akae ugenini wiki nzima akisubiri jambo ambalo lingefanyika kwao.

Mionzi hufanya nini

Mionzi ya tiba ni nishati isiyoonekana wala kusikika. Inapopita mwilini hukata nyuzi za vinasaba ndani ya seli. Seli nzima ya kawaida ina uwezo mkubwa wa kuziunga nyuzi hizo. Seli ya saratani, inayogawanyika ovyo, huunga vibaya au haiungi kabisa, na inapojaribu kugawanyika hufa. Ndiyo maana dozi mara nyingi hugawanywa katika mikupuo: kati ya mkupuo na mkupuo seli nzima hupata muda wa kujitengeneza. Kipimo cha dozi huitwa grei, na grei moja ni nishati ya jouli moja iliyopokewa na kilo moja ya mwili.

Nchini Tanzania kituo kikongwe cha tiba hii ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyomo katika eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na iliyofanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Kwa miaka mingi kazi ilifanywa na mashine za kobalti, ambazo chembe zake za madini hutoa mionzi muda wote na hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Baadaye ziliongezwa mashine zinazozalisha mionzi kwa umeme. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa tiba ya mionzi. Wagonjwa wa Zanzibar wamekuwa wakivuka kwenda Dar es Salaam.

Kuna jambo moja la kifundi ambalo mgonjwa akielezwa mapema hatashtuka. Mionzi ya kobalti haifikishi nguvu yake kamili juu kabisa ya ngozi; huifikisha takriban nusu sentimita chini yake. Kwa saratani ya ndani hiyo ni faida, kwa kuwa ngozi hunusurika. Kwa saratani ya ngozi yenyewe ni kasoro. Dawa yake ni kuiwekea ngozi kifuniko chenye uzito kama wa nyama ya mwili, ili nguvu ya mionzi ikomae ndani ya kifuniko hicho na kuifikia ngozi ikiwa kamili. Wataalamu hutumia nta au tabaka laini la mpira. Kwa mguu na mkono ulio na mikunjo mingi hutumia mifuko ya mchele, au hutumbukiza mguu wote ndani ya beseni la maji. Mgonjwa asiyeelezwa anaweza kudhani anafanyiwa kafara. Aelezwe kwamba maji na mchele hulinganisha unene wa mguu, ili kila sehemu ipate dozi sawa.

Mambo matatu yasemwe waziwazi kwa kila mgonjwa. Mionzi ya nje haiumi wakati wa kupigwa, na tendo lenyewe huchukua dakika chache. Mgonjwa hatoki na mionzi mwilini, kwa hiyo anaweza kumpakata mtoto wake siku hiyo hiyo. Na mionzi haitibu VVU wala haizuii madoa mapya kuota nje ya eneo lililopigwa. Kazi hiyo ni ya ARV.

Nani anafaa, na lini

Msingi wa matibabu ya Kaposi kwa mtu mwenye VVU ni ARV. Ikiwa madoa ni machache, hayajafanya kidonda na hakuna uvimbe, dawa hizo peke yake zinaweza kuyafifisha ndani ya miezi kadhaa. Zingatia kwamba katika wiki za mwanzo baadhi ya wagonjwa huzidiwa kwa muda, kwa sababu kinga inayoamka hupambana na maradhi yaliyojificha. Hali hiyo haimaanishi kwamba dawa zimeshindwa. Mgonjwa asiache ARV; aonwe na daktari haraka.

Maradhi yakiwa yameenea, yaani uvimbe mkubwa, vidonda vingi, madoa mengi mdomoni, au dalili za tumbo na mapafu, huongezwa dawa za saratani za kudungwa kwenye mshipa. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2020, uliithibitisha dawa ya paklitakseli kuwa bora kuliko michanganyiko ya zamani.

Mionzi huja pale penye tatizo la mahali mamoja: doa linalouma, linalotoka damu, linalooza, unyayo usiokanyagika, uvimbe unaoziba jicho au koo, au alama ya usoni inayomfanya mtu ajifungie ndani. Sababu hii ya mwisho isidharauliwe. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenziwe, doa kwenye ncha ya pua linaweza kuvunja ndoa na kufunga duka.

Kwa saratani ya seli bapa mwelekeo ni mwingine. Hapo lengo ni kuponya, upasuaji ndio hutangulia, na mionzi hutolewa kwa dozi kubwa na mikupuo mingi ya wiki nne hadi saba, ama badala ya kisu ama baada yake. Mtu anayeishi na VVU na anayetumia dawa vizuri asipunguziwe dozi ya kuponya kwa sababu tu ya VVU.

Mikupuo mingapi?

Hapa tunalifikia swali la pili la mvuvi wetu.

Saratani ya Kaposi ni nyepesi kuathiriwa na mionzi. Madoa mengi yaliyopigwa hupungua au kutoweka. Mjadala wa wataalamu umekuwa juu ya dozi na idadi ya mikupuo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha njia tatu: grei 8 kwa mkupuo mmoja, grei 20 kwa mikupuo 10, na grei 40 kwa mikupuo 20. Madoa yaliyopigwa mara moja yalitoweka kabisa kwa takriban nusu yake. Yaliyopata grei 20 au 40 yalitoweka kwa takriban manane katika kila kumi, na yalikawia zaidi kurudi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998 ulilinganisha grei 8 kwa mkupuo mmoja na grei 16 kwa mikupuo minne, na haukuona tofauti kubwa ya mafanikio. Kisha mwaka 2008 madaktari wa Afrika Kusini wakachapisha ulinganisho unaotugusa zaidi: grei 24 kwa mikupuo 12 dhidi ya grei 20 kwa mikupuo mitano. Matokeo yalilingana.

Tuyasome matokeo hayo tukiwa tumesimama bandari ya Mkoani. Mikupuo hutolewa siku za kazi. Mikupuo 12 ni zaidi ya wiki mbili. Mikupuo mitano ni Jumatatu hadi Ijumaa. Mkupuo mmoja ni siku moja. Ongeza siku za kuonwa na kupimwa, boti ya Mkoani hadi Unguja, boti ya pili hadi Dar es Salaam, chakula na malazi ya mgonjwa na anayemsindikiza. Kwa mkaazi wa Upanga tofauti kati ya wiki moja na wiki mbili na nusu ni usumbufu. Kwa mkaazi wa Micheweni inaweza kuwa tofauti kati ya kumaliza tiba na kurudi katikati. Na tiba iliyokatizwa katikati si nusu ya tiba, kwa sababu seli za saratani zilizosalia huutumia muda huo kukua tena.

Enzi ambazo mgonjwa wa UKIMWI alitarajiwa kuishi miezi tu, mkupuo mmoja ulionekana kutosha kwa kila mtu. Leo mwenye VVU anayetumia dawa vizuri anaweza kuishi miongo mingi. Hivyo udumu wa matokeo una maana, na makovu ya miaka ya baadaye yana maana pia, kwa kuwa dozi kubwa kwa mara moja huelekea kukakamaza ngozi na kuongeza uvimbe wa mguu. Kwa mizani hiyo, tunaona kwamba kwa mgonjwa wa kisiwani mwenye nguvu na mwenye matumaini ya maisha marefu, mpango wa wiki moja wa mikupuo mitano ni jambo la haki kuliomba na lina ushahidi nyuma yake. Mkupuo mmoja ubaki kwa aliye dhaifu, au kwa doa dogo linalotoka damu, na mara nyingi unaweza kurudiwa baadaye.

Uamuzi ni wa daktari wa saratani atakayemwona mgonjwa. Lakini hawezi kuyapima asiyoyajua. Kwa hiyo barua ya rufaa iseme mgonjwa anatoka wapi, na iulize wazi: je, mpango mfupi unamfaa?

Maandalizi kabla ya kupanda boti

1. *Majibu ya kinyama* yawe mkononi, pamoja na wingi wa virusi, idadi ya seli za CD4 na kiwango cha damu. Kifua kikuu kiwe kimechunguzwa.
2. *ARV za kutosha* siku zote za safari na wiki mbili za ziada, maana bahari ikichafuka boti haziondoki.
3. *Picha na vipimo vya doa*, kwa idhini ya mgonjwa, ili anaporudi ulinganisho uwepo.
4. *Mwanamke wa umri wa kuzaa* apimwe ujauzito.
5. *Mdomo ukipigwa mionzi*, meno yatazamwe kwanza. Utando wa mdomo wa watu wenye Kaposi na VVU huweza kubabuka vibaya hata kwa dozi ndogo, na daktari huwa mwangalifu zaidi hapo.
6. *Siri ilindwe.* Barua ifungwe ndani ya bahasha. Kwa anayeuliza bandarini, "naenda kutibiwa mguu" ni jibu kamili na la kweli. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayechagua nani amsindikize na nani ajue nini.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani, kuna mambo mawili ya kuyazungumza mapema. Kabla ya mionzi wataalamu huchora alama za wino kwenye ngozi, na alama hizo zisifutike hadi mwisho. Mtu anayetia udhu mara tano kwa siku, na alama ziko mguuni, atazifuta bila kukusudia. Amwambie mtaalamu siku ya kwanza, ili zikaguliwe na kuchorwa upya kila siku. Maji yenyewe hayaiharibu ngozi isiyo na kidonda. Kusugua ndiko kunakodhuru. Penye kidonda, amuulize sheikh wake juu ya ruhusa aliyopewa mgonjwa. Na safari ikiangukia Ramadhani, suala la kufunga lizungumzwe na daktari na sheikh, si la kuamuliwa kimya kimya. ARV za mara moja kwa siku zinaweza kumezwa usiku bila kukosa.

Utunzaji wa ngozi baada ya kurudi

Athari za mionzi huendelea kujitokeza hata baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Katika wiki mbili au tatu za mwanzo ngozi iliyopigwa huweza kuwa nyeusi zaidi, kukauka, kuwasha na kubabuka kidogo. Ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kwa kugusagusa na kanga safi bila kusugua, na ikingwe na jua. Isipakwe mafuta ya karafuu au makonyo, spiriti, manukato wala liwa, isikandwe kwa maji moto, isichanjwe. Maji ya bahari na kidonda kibichi havipatani, hivyo mvuvi asubiri hadi ngozi ifunge.

Jambo la mwisho huwasumbua wengi: doa lililopona mara nyingi huacha weusi au ukahawia, kwa sababu chembe za chuma cha damu zimebaki ndani ya ngozi. Doa likiwa bapa, laini, lisilouma wala kukua, hilo ni kovu la ushindi. Linganisha na picha ya awali kabla ya kumwambia mgonjwa kwamba tiba imeshindwa. Aonwe baada ya wiki nne hadi sita, kisha kila miezi mitatu, na kila mara aangaliwe mdomo na nyayo.

Turudi kwa mvuvi wetu

Kinyama kilichukuliwa, kikathibitisha Kaposi. Wingi wa virusi umeshuka hadi kutoonekana, na kifua ni safi. Madoa mengine yanafifia kwa ARV. Kwa uvimbe uliosalia daktari wa saratani atapima kama dawa za mshipa zinahitajika. Lakini kidonda cha unyayo ni tatizo la mahali mamoja, nalo linafaa mionzi. Barua yake imeandikwa hivi: "Mgonjwa anatoka Micheweni, Pemba. Ana msindikizaji mmoja na uwezo wa kukaa Dar es Salaam siku kumi. Tunaomba afikiriwe mpango wa mikupuo mitano."

Swali lake la kwanza linajibiwa hivi: kidonda kina matumaini makubwa ya kukauka na maumivu kupungua, uvimbe utapungua polepole na huenda usiishe wote, na usalama wa mguu huo kwa miaka ijayo umo ndani ya kidonge anachomeza kila siku. La pili linajibiwa kwa siku zinazohesabika, naye anaweza kumwachia nduguye dau akijua atarudi lini.

Maswali ya kujipima

1. *Mguu mmoja umevimba, mgumu, una vinundu vya zambarau. Ufanye nini kabla ya kusema ni matende?* Angalia kaakaa na nyayo, pima VVU, chukua kinyama.
2. *Kwa nini mguu hutumbukizwa majini wakati wa mionzi ya kobalti?* Ili dozi kamili ifike kwenye ngozi na ilingane kila mahali.
3. *Mgonjwa aliyeanza ARV wiki tatu zilizopita anaona madoa yameongezeka. Aache dawa?* Asiache, aonwe haraka na daktari.
4. *Taja sababu moja ya kuomba mikupuo mitano na sababu moja ya kutosheka na mmoja.* Udumu wa matokeo kwa mwenye matumaini ya maisha marefu; udhaifu wa mgonjwa asiyemudu kukaa wiki nzima ugenini.
5. *Doa limepona lakini limebaki jeusi. Je, tiba imeshindwa?* Hapana, ikiwa ni bapa, halikui wala haliumi. Linganisha na picha.